Mazoezi ya Kuuzunguka Mlima Meru

Elisaria alikuwa akikamua ng'ombe huku kavaa begi mgongoni, kofia ya matembezi kichwani, na fimbo kaibana kwapani. Ng'ombe aligeuza shingo, akamtazama, kisha akarudi kwenye majani yake kama mtu aliyeamua kutouliza.

"Vuta taratibu, Baba Gadiel," alisema mkewe, Agnela, aliyesimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai. "Hiyo siyo kamba ya kengele."

"Na kukamua kunahusiana nini na kutembea?"

"Njia inapita Oldonyo Sambu. Kule watu ni wafugaji. Mgeni asiyejua hata kukamua watamwonaje?"

Elisaria akaona hilo lina maana.

Mambo yalianzia kanisani. Nice, binti wa jirani anayeongoza watalii, alisimama kutangaza kwamba kuna kikundi cha usharika kitakachouzunguka Mlima Meru kwa miguu na kulala kwenye mahema. Kabla Nice hajamaliza tangazo lake, Elisaria alikuwa ameshasimama katikati ya kanisa na kusema wazee wa mtaa wao wa Lemara wako tayari. Loishiye, jirani yake, naye akasimama ili asionekane mwoga. Watu walicheka sana wakapiga makofi. Nice alitabasamu, akaketi. Elisaria aliyachukua makofi yale kama heshima.

Kutembea kwenyewe hakukujua. Alistaafu utunzaji wa ghala, kazi aliyoifanya ameketi, na tangu hapo safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka kwenye kiti cha barazani hadi mezani. Lakini kijiweni Kaloleni alikuwa amekwisha kusimulia jinsi alivyoupanda Meru ujanani amevaa kandambili, akakutana na nyati, na nyati akampisha. Kila aliposimulia, nyati aliongezeka ukubwa. Ukweli ni kwamba alifika kwenye geti la hifadhi, mvua ikanyesha, akarudi. Sasa Kaloleni nzima inajua anaondoka. Akiachwa, itabidi atafute mji mwingine wa kunywea kahawa.

Agnela ndiye aliyesimamia mazoezi. Ujumbe wa Nice ulikuwa ukiingia kwenye simu yake, maana ya Elisaria ilikuwa kitochi, kazi yake kubwa kumulika.

"Nice anasemaje leo?"

"Anasema asiyejitegemea atawaelemea wenzake. Kamenye ndizi."

Wapanda milima wengine hujaza mawe kwenye begi ili wazoee uzito. Agnela alikataa. "Mawe atayala nani?" Kwa hiyo Elisaria alibeba mzigo wa majani kila siku kutoka kando ya mto hadi bandani, akihema kama pampu ya baiskeli, na ng'ombe akanenepa.

Buti walizinunua mitumbani. Zilimbana mpaka akatokwa na machozi.

"Zitalegea," Agnela alisema. "Ngoja nizivae mimi kwanza."

Akazivaa kila Jumamosi walipopanda pamoja barabara za mlimani. Yeye alitangulia, kisha akaketi juu ya jiwe akimsubiri.

"Mama Gadiel, usijichoshe," Elisaria alimwambia alipopata pumzi. "Wewe huna haja ya kukimbia hivyo."

"Wala sijachoka," Agnela akajibu, akainuka tena.

Siku moja Loishiye alichungulia juu ya uzio.

"Mzee mwenzangu, umefika wapi?"

"Nimemaliza ugali. Hauna madonge kabisa. Wewe?"

"Mimi niko kwenye kufua shuka."

Elisaria alishtuka. "Shuka? Nani kakupa shuka?"

"Mke wangu, Soila. Anasema mimi naelewa haraka."

Elisaria aliingia ndani moja kwa moja, akatandua kitanda chake mwenyewe. "Mama Gadiel, kwa nini unanichelewesha? Unataka niachwe?" Akafua shuka zote mbili, akaongeza na mapazia. Loishiye alipozitazama kambani, akarudi ndani kushusha mapazia yake.

Ijumaa ya mwisho ikawa mtihani. Agnela aliweka kiti chini ya migomba, akaketi, hakugusa kitu. Elisaria alikamua, akakata majani, akaosha banda, akapika, akafua. Mara moja tu alisahau chumvi. Alipomaliza alisimama mbele ya mkewe, mikono nyuma, kama anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

"Umefaulu," alisema Agnela. "Tangu tuoane sijawahi kuwa na amani kama leo."

Elisaria nusura alie. Hakujua kwamba mkewe alikuwa na wasiwasi naye kiasi hicho.

Jumatatu alfajiri gari likapiga honi getini. Elisaria alizitafuta buti chumba kizima, asizione. Basi akatoka na kandambili, begi mgongoni, fimbo mkononi. Alijisemea kwamba nyati, kama yupo, atampisha tena. Loishiye alikuwa ameshasimama barabarani, kakaza mkanda.

Gari lilikuwa limejaa akina mama wa usharika, wanaimba. Soila alikuwa dirishani, amevaa kofia ya Loishiye.

"Shikamooni, wazee," alisema Nice. "Kumbe mmeamka kuwasindikiza wake zenu kwenye safari yetu ya akina mama? Mmefanya vizuri sana."

Agnela alitoka ndani, buti zimemkaa mguuni kama zilishonwa kwa ajili yake. Alimvua Elisaria begi kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akalivaa.

"Unga uko kwenye ndoo ya bluu," akamwambia. "Na shuka usizianike juani sana."

Gari likaondoka na nyimbo zake. Elisaria akamtazama Loishiye, Loishiye akatazama zile kandambili. Bandani ng'ombe akalia, na wazee wawili wakageuka, kila mmoja akaenda kutafuta ndoo yake.