Somo la Saa Nne

"Mwalimu, kisu ya kukata chuma, jina lake nani?"

Mwalimu alihamishia simu kwenye sikio lake zima. "Jina lake nini. Na hicho si kisu, ni msumeno. Msumeno wa chuma."

"Msumeno wa chuma," mwanafunzi alirudia polepole. "Asante, mwalimu." Akakata.

Lilikuwa somo la kumi na mbili. Mwalimu alikuwa ametoa tangazo gazetini: jifunze lugha yetu kwa mazungumzo ya kila siku, kwa simu, wiki mbili za majaribio. Aliyepiga alikuwa mmoja tu, binti mgeni anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu. Namba aliikuta kwenye gazeti alilokuwa akifutia vioo, na alipiga kwa simu ya mezani ya hapo hapo. Neno lake la kwanza lilikuwa "Nisaidie." Mwalimu, ambaye tangu astaafu alikuwa amechoka kubishana na redio, alijibu kwa furaha, "Hiyo ndiyo kazi yangu, binti yangu."

Tangu hapo simu iliita kila siku saa nne kamili. Na binti alikuwa na kichwa, hilo halina ubishi. Kasoro yake ilikuwa moja: alimeza herufi. Akiitwa, yeye husema "nimeita". Siku alipong'atwa na mbu alilalamika, "Mwalimu, nimeng'ata mbu."

"Maskini mbu," mwalimu alisema, akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Tena alikuwa mcha Mungu. Kila akiulizwa habari za leo, alijibu, "Nimefunga, mwalimu." Mwalimu alimtakia heri, na somo la vyakula akaliruka kwa huruma.

Lakini maswali yake sasa! Wageni wengine huuliza bei ya nyanya. Huyu alitaka nondo, kufuli, ukuta, jirani. Somo la "Nyumbani kwetu" aliligeuza ramani: geti la kijani, mkabala na karakana ya magodoro, ukuta wa nyuma mfupi, mbwa hakuna, baba na mama wenye nyumba hutoka saa mbili, hurudi jioni. Mwalimu alikuwa akisahihisha na kuandika daftarini. Alipousoma mwandiko wake mwenyewe, alilifunga daftari haraka.

Na leo, msumeno.

Mkewe alikuwa akikunja nguo pale pale, na simu ya mwalimu huongea kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa amesikia yote.

"Huyo anajifunza kuwaita wenzake," alisema. "Na wewe ndiye unayemnoa."

"Mama watoto, mtu anafunga!"

"Mwizi anayefunga! Makubwa haya. Siku akikamatwa ataulizwa, nani alikufundisha kusema msumeno? Hapo utajificha wapi?"

Miaka thelathini na minne darasani, mwalimu hakuwahi kumpeleka mwanafunzi hata kwa mwalimu mkuu. Akimsemea huyu, kazi itaota mbawa, na pengine jela itamhusu. Akinyamaza, watu watarudi kwao jioni wakute kuta tupu, au wakute mabaya zaidi ya hayo. Chakula cha mchana kilipoa mezani.

Kesho yake binti hakuzungumza, alinong'ona.

"Mwalimu. Njoo kesho saa nne. Lete msumeno."

Mwalimu akafanya lile pekee alilozoea kufanya. "Sema: tafadhali njoo."

"Tafadhali njoo." Akarudia bila kuambiwa. "Tafadhali njoo, mwalimu."

"Vizuri sana," alisema mwalimu, akakata simu, akavaa viatu, akaenda kituo cha polisi.

Siku ya kumi na nne ilimkuta amejibanza na askari nyuma ya rundo la magodoro, macho kwenye geti la kijani. Saa tatu na nusu. Saa nne kasorobo. Hakuna gari lililosimama, hakuna aliyepita na gunia wala ngazi. Ilipotimia saa nne, simu ikatetemeka mfukoni mwa mwalimu. Aliiacha. Alijiona msaliti, na aliona haya hata kumtazama askari usoni.

Simu ikanyamaza. Ikatetemeka tena, safari hii kwa muda mrefu, ikanyamaza.

"Wenzake wameshtuka," askari alisema. "Twende tukamchukue yeye mwenyewe."

Walifungua komeo la geti, wakavuka ua kwa kunyata, wakapita chini ya madirisha yenye nondo. Rungu lilikuwa juu tayari. Walipofika mlangoni, askari alisimama, akalishusha.

"Mzee wangu, umenipotezea asubuhi. Hapa hamna mtu. Ona kufuli."

Lilikuwa kufuli kubwa, limebana kwa nje, jinsi wenye nyumba wanavyofunga wakitoka wote. Kwa nafuu aliyopata, mwalimu aliisahau hata ile simu iliyomwita sasa hivi. Basi hapakuwa na wizi wala wezi, na alikuwa amemsingizia bure mtoto wa watu. Kesho angemwomba radhi. Wote wawili wakageuka kuondoka.

Nyuma yao, kutoka ndani ya ule mlango, mtu akagonga mara tatu.

"Hodi," alisema yule binti. "Hodi. Nimefunga, mwalimu."