Ganda Moja la Dawa

Zamani wanyama walipougua walimwendea Kenge, aliyechemsha dawa ya kunyonya joto la homa. Mtoto wa Nguchiro alipowaka homa, mama yake alimtuma Korongo, ndege aliyejivunia mwendo wake.

Kenge alimkabidhi kibuyu. "Anywe ganda moja," alisema, "ganda la konokono mdogo." Korongo alikuwa ameshapaa, na maneno ya mwisho hakuyasikia.

"Anywe ganda moja," alimwambia Nguchiro.

"Ganda la nini, kaka?"

"Ganda ni ganda, dada. Unataka nirudi kule kwa neno moja tu?"

Nyumbani kwa Nguchiro palikuwa na maganda ya mayai. Alijaza moja, akamnywesha mwanawe.

Homa ilishuka papo hapo. "Umeona?" alisema Korongo. Lakini joto liliendelea kutoka, hata mwili wa mtoto ukawa baridi kama jiwe la mtoni.

Hakufa. Asubuhi aliamka, akatambaa kwa tumbo mpaka mwambani alikoota jua Kenge, akajilaza kando yake. Mama yake alimfuata, akamwita kwa jina. Mtoto alitoa ulimi kama Kenge, akaurudisha, wala hakugeuka.