Pua ya Maestro Librado

Mzee aliyekaa mwisho wa meza alikuwa ananusa glasi tupu. Aliinusa, akaifuta kwa leso yake mwenyewe, akainusa tena. Librado alipomwona, donge la unga lilimponyoka likaangukia kiatu cha mwanamke wa Kiholanzi.

"Huyo ni don Evaristo," doña Hortensia alimnong'oneza, akipita na bakuli la ndimu. "Miaka arobaini ameonja tekila kiwandani. Ulimi wake ndio ulikuwa kazi yake. Nimemwita atuonjee ile chupa ya buluu. Akisema siyo yenyewe, maestro, aliyeichezea anavua aproni leo leo."

Librado alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa na punda.

Aproni yake ilikuwa imetariziwa jina lake. Zamani alikuwa akiziba pancha mtaa huohuo wa Guadalajara. Darasa la nne hakulimaliza, na waliomwita maestro, yaani fundi, siku zile wote walikuwa na tairi bovu. Sasa, kila Alhamisi, wasafiri walikuja jikoni kwa doña Hortensia, naye Librado akawafundisha kukanda unga wa mahindi, kukunja taco na kuonja tekila. Walimpiga picha. Kwa umri wa miaka hamsini na mitatu, na sura ile, nani mwingine angempiga picha kama si polisi?

Na yeye akafanya nini? Kila Jumatatu doña alileta chupa ya buluu, tekila iliyolala pipani miaka minane, kizibo kimeshalegezwa. "Nimeifungua ipumue," alisema. Na kila Jumatatu, doña akitoka, Librado aliimimina yote kwenye chupa yake ya chai, kisha akaijaza ile ya buluu kutoka kwenye dumu la plastiki chini ya sinki. Dumuni mlikuwa na kitu cha rangi ileile ya asali. Doña alisema ni tekila mbovu ya kusugulia jiko, ingawa siku Librado alipotaka kulisugua jiko kwayo alipigwa mwiko mkononi na kuambiwa atumie siki. Ubahili tu, alifikiri. Alipoimimina aligeuza uso na kubana pumzi. Nani hunusa sabuni ya sakafu?

Ile ya kwenye chupa ya chai aliinywa nyumbani, amevaa shati safi. Ilimkwaruza koo kama msasa. Hiyo ndiyo nguvu ya pipa, alimweleza shemeji yake. Asubuhi kichwa kilimgonga. Huo ni umri.

"Hapa kuna mwaloni," alimwambia shemeji. "Kuna vanila. Mwishoni, tumbaku kidogo. Pua ni kipaji, bwana."

Shemeji alinusa, akasema yeye anasikia mafuta ya taa. Librado alimhurumia.

"Maestro, yangu imevimba!" Mholanzi alipiga kelele. Tortilla yake, chapati ya mahindi, ilikuwa imefura juu ya chuma kama shavu la mtoto.

"Basi, señora, ikivimba hivyo unaweza kuolewa," Librado alisema, kama alivyosema kila Alhamisi. Ya kwake mwenyewe ililala bapa. Haikuwa imevimba tangu mkewe aondoke.

"Msiangalie ya maestro," doña alisema. "Huyo bado anaziba pancha."

Wageni walicheka. Librado hakusikia. Akili ilikuwa inamkimbia, na kwa kuwa si akili kubwa, haikufika mbali. Alichukua taco, akaijaza nyama, akaisindilia pilipili habanero nne, akaipeleka mwisho wa meza. Ulimi ukifa, hauwezi kutoa ushahidi.

"Karibu, don. Hii nimekutengenezea mwenyewe."

Don Evaristo aliisukuma kwa kidole kimoja. "Kijana, kabla ya kuonja sili hata dawa. Kula wewe."

Meza nzima ilimtazama. Librado alikula. Alikula yote.

Doña akamimina. Don Evaristo aliinamisha glasi, akainusa kwa tundu moja la pua, kisha la pili. Akapiga funda dogo na kufumba macho. Librado alianza kufungua fundo la aproni mgongoni, polepole, ili wakati ukifika asiaibike kwa kuhangaika nalo.

"Hortensia," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hii ndiyo yenyewe. Miaka minane, tena pipa zuri. Nani anakutunzia?"

"Maestro Librado. Huimimina kwa mikono yake mwenyewe. Haya, onja na wewe, maestro."

Librado alikunywa. Mdomoni mlikuwa na moto mtupu wa pilipili, hakusikia kitu.

"Mwaloni," alisema, machozi yakimchuruzika. "Vanila."

Wageni walipiga makofi. Librado alilifunga tena fundo la aproni, akamtazama don Evaristo kwa huruma. Miaka arobaini ya mshahara, na mzee wa watu hajui tekila na kisugulio cha jiko! Kumbe jimbo zima la Jalisco lina pua moja tu, na Mungu kwa utani wake ameibandika kwenye uso wa mziba pancha.

Wageni walipoondoka alirudi jikoni kuchukua chupa yake ya chai, akiimba. Mlangoni alinyamaza.

Doña Hortensia alikuwa amempa mgongo. Mezani palikuwa na chupa mpya ya buluu. Aliikata lakiri, akaimimina yote ndani ya dumu la plastiki, akaitikisa hadi tone la mwisho. Kisha akatoa mkobani kopo la tekila rahisi ya kituo cha mafuta, akaweka faneli, akaijaza ile chupa ya buluu mpaka shingoni. Kizibo akakilegeza kidogo.

"Pita, maestro," alisema bila kugeuka. "Ya kwako ya Jumatatu iko tayari."