Beseni la Mlangoni

Mlangoni mwa kitalu nyumba chetu kuna beseni la dawa. Haingii mtu kwenye nyanya zangu bila kukanyaga humo, hata mume wangu anayejiita mkurugenzi. Amri hiyo niliitoa mimi, baada ya ugonjwa wa mnyauko, ulioingia na tope la viatu, kututia umaskini.

Leo mume wangu kaja na tajiri anayetaka ubia nasi, maana mnyauko umefagia shamba lake lote. Tope la huko lilikuwa bado bichi viatuni mwake.

"Na huyu mama?" tajiri aliuliza.

Mume wangu aliziangalia kucha zangu, nyeusi kwa utomvu wa nyanya.

"Aa, huyo? Kibarua tu." Akakanyaga dawa, akatangulia ndani.

Tajiri akasita. "Na mimi nikanyage?"

Nililisukuma beseni kando kwa mguu.

"Sijui, bosi. Mimi kibarua tu. Pita."