Kurumbiza, Mnana na Wimbo Uliokosewa

Walikuwapo ndege wawili, Kurumbiza na Mnana, waliofundishwa nyimbo za kale na bibi mmoja Njiwa. Kurumbiza alijaliwa sauti; Mnana alijaliwa sikio, hata kosa dogo halikumpita. Walipokua, Mnana aliona nyimbo hazimlishi, akashika kazi ya kusuka viota. Kurumbiza akaajiriwa na Chatu awe mwimbaji wa pangoni, akapewa pa kulelea makinda yake. Akajivuna kwamba kila asubuhi wasikilizaji humjia kwa wingi.

Siku alipogundua kwamba wanaokuja hawarudi kwao, alitaka kuacha kazi.

"Ukinyamaza," Chatu akamwambia, "nitaanza na makinda yako."

Akaendelea kuimba.

Asubuhi moja akamwona Mnana anakuja, unyasi mdomoni, amevutwa na wimbo wa utoto wao. Kumwonya waziwazi hakuthubutu, Chatu anasikia. Basi akauharibu wimbo makusudi, akapandisha sauti pa kushusha, akitumaini mwenzake atashtuka na kugeuka.

Mnana alishtuka kweli. Akaudondosha unyasi, akatua mlangoni mwa pango.

"Dada, umesahau? Hapo sauti inashuka. Hebu tuanze pamoja..."

Hakumaliza. Manyoya mawili ya njano yakabaki juu ya jiwe.

Chatu akamtazama Kurumbiza pale tawini.

"Huyu amenijia mwenyewe mpaka mdomoni," akasema. "Kesho ukosee tena hivyo hivyo."