Nafasi Ishirini na Tano

"Mgonjwa hahitaji upa"

Hapo ndipo maneno yalipokomea. Wachuka aliitoa karatasi kwenye printa akaigeuza, ingawa alijua fika nyuma hakuna kitu. Majibu ya utafiti wa uvimbe yalikuwa yamefika hospitali ya Nyeri, alikofanya kazi, asubuhi hiyo ya Julai 1997 kwa disketi, bila majina, namba tupu. Yeye alitafuta moja tu: 212.

Programu ya takwimu ilikuwa imeamriwa kuchapisha nafasi ishirini za herufi katika maelezo ya daktari, basi. Yaliyobaki iliyameza.

Nje, kwenye benchi, babake, Mzee Muriithi, alijikunyata ndani ya koti. Hakuwa amegusa chakula tangu jana.

"Imetoka?" aliuliza kupitia dirisha.

"Bado, Baba. Mashine inakata maneno."

"Leta hiyo karatasi nisome mwenyewe. Ya mdomo sitaki. Na kabla nisome, hakuna mbuzi ya Theuri inaingia kwangu."

Theuri alikuwa mchumba wa Wachuka, na mbuzi wa mahari walitarajiwa Jumamosi. Mzee alikuwa amefundisha shule miaka thelathini. Mtu kama huyo haamini neno mpaka aone maandishi.

Wachuka akafuta ishirini, akaandika themanini. Alikosea mara mbili. Ee Mungu, hahitaji upasuaji, iwe ni hivyo tu, iishie hapo. Printa ikaanza kulia, ikienda polepole kuliko siku zote.

"Mgonjwa hahitaji upasuaji kwani uvimbe umeshafika kwenye ini. Miezi mitatu."

Aliketi. Alitaka kupiga mayowe, lakini ukuta ulikuwa wa mbao na benchi liko upande wa pili. Maji yalikuwa yamezidi unga. Akaichana karatasi vipande vipande, akafuta themanini, akahesabu herufi na mapengo kwa ncha ya kalamu, akaandika ishirini na tano.

Mzee aliisoma karatasi mpya mara tatu, kidole kikifuata namba, kisha maneno. Machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Ngai ni mwema," alisema. Akavua koti lake, akamfunika Wachuka mabegani. "Sasa mwambie Theuri alete hizo mbuzi. Ningezipokea namna gani, na sijui kama wewe utaishi?"