Rafu ya Katikati

Kila Jumanne, Bwana Shomvi wa kampuni ya soda alipokuja kulikagua jokofu la dukani, Bi Mwanaidi mwenye duka alikuwa amekwisha kuzificha chupa zake za ukwaju chini ya meza, ambako zilichacha kwa joto. Jokofu lilikuwa mali ya kampuni, nayo iliwakataza wenye maduka kuweka ndani yake kinywaji cha mwingine. Mji mzima haukuwa na majokofu mengine ila ya kampuni hiyo.

Jumanne hii hakuficha hata chupa moja.

Shomvi alifungua mlango wa jokofu, akaduwaa. Ukwaju ulikuwa umejaa rafu ya katikati, chupa zikitoka jasho kwa baridi.

"Mama, umerukwa na akili? Leo hii nalichukua jokofu letu!"

"Lichukue, mwanangu. Lakini soma kwanza."

Akamnyooshea karatasi yenye mhuri wa Baraza la Ushindani, ile aliyoihangaikia miaka miwili huku majirani wakimcheka kwamba sisimizi amemshtaki tembo.

Shomvi alisoma, sauti ikififia kila mstari: "Kampuni isimzuie mwenye duka kuuza vinywaji vya wengine, wala isimnyang'anye jokofu kwa sababu hiyo."

"Rudia hapo mwisho," alisema Bi Mwanaidi. "Majirani pale mlangoni hawakusikia."

Alirudia. Vigelegele vikapasuka mlangoni.

Shomvi alijifuta shingo. Jua la adhuhuri lilikuwa limemkausha koo. "Nipatie kitu cha baridi, mama."

Bi Mwanaidi aliufungua mlango wa jokofu wazi kabisa, akasogea kando.

"Chagua mwenyewe."

Mkono wa Shomvi uliingia katika ile baridi, ukasita kati ya rafu ya soda na ile ya ukwaju.